Antena ya ndani ipi inashika vizuri: ya fimbo, ya pembe, ya bapa au ya kujitengenezea? (Niko Mbagala, Dar es Salaam, nyumba ya kupanga)

Mpangaji_Rangi3

Habari za jioni wakuu.

Nimehamia Mbagala Rangi Tatu mwezi uliopita, chumba na sebule, nyumba imeezekwa bati na upande wa nyuma kuna ghorofa la jirani. Mwenye nyumba alinipa masharti siku ya kwanza kabla hata ya kupokea kodi: hataki kuona bomba limechomoza juu ya bati lake. Mpangaji aliyenitangulia alitoboa, mvua ikaingia mpaka kwenye godoro la mtoto wake mwenyewe. Kwa hiyo naongea na nyinyi kuhusu antena ya ndani tu.

King'amuzi ninacho, cha antena, si cha dishi. Kilikuja na kile kijifimbo kidogo chenye sumaku chini. Nikikiweka juu ya TV nashika chaneli tano. Nikikaa kwenye kochi zinabaki mbili. Mtoto akipita mlangoni picha inaganda, sauti inakatika kama mtu anayebanwa koo. Taarifa ya habari ya saa mbili naisikiliza kwa vipande.

Nimezunguka Kariakoo, nikaonyeshwa vitu vitatu:

Ya pembe mbili zenye duara katikati, ina booster (kikuza mawimbi) ndani, elfu 25.
Ya bapa, nyembamba kama karatasi ngumu, unaibandika ukutani, elfu 35. Boksi limeandikwa 4K na maili 120.
Kijifimbo kingine kama changu ila kirefu zaidi, elfu 10.

Fundi mmoja pale akaniambia nisinunue chochote, atanitengenezea ya waya wa shaba kwa elfu 8. Sasa nichukue ipi? Nisingependa kurudi Kariakoo mara tatu. Natanguliza shukrani.

DukaLaKona

Mkuu chukua ya pembe yenye booster. Nauza hizo, wateja hawarudi kulalamika. Booster inavuta.

fundi_wa_mtaa

DukaLaKona, heshima yako, lakini booster haivuti kitu. Booster inapaza kile ambacho antena imeshakipata. Ukimpa kipaza sauti mtu anayenong'ona katikati ya soko, kitapaza mnong'ono na kelele za soko pamoja. Booster ina kazi yake pale ambapo mawimbi yamefika vizuri kwenye antena, halafu yanakwenda kufia kwenye waya mrefu au kwenye kigawanyo cha TV mbili. Waya wa Mpangaji si mrefu. Booster ya nini?

Tena kama yuko karibu na mnara, booster inaweza kumharibia kabisa. King'amuzi kinazidiwa, mstari wa nguvu unajaa mpaka mwisho na ubora unashuka. Nimeliona hilo si mara moja.

Mkuu Mpangaji, kabla hujatoa hata shilingi, fungua menyu ya king'amuzi, sehemu ya kutafuta chaneli. Utaona mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Watu wengi wanatazama wa nguvu. Wewe tazama wa ubora. Nguvu 90 na ubora 20 ni picha iliyoganda. Nguvu 50 na ubora 70 unatazama mpira mpaka dakika za nyongeza.

Ukiwa na mistari hiyo kwenye kioo, shika kijifimbo chako utembee nacho chumba kizima polepole. Usiende kwa hatua, nenda kwa nusu ya rula. Sababu ni hii: TV za antena ziko kwenye UHF, yaani masafa ya juu sana, kuanzia megahezi 470 kwenda juu. Wimbi la megahezi 500 lina urefu wa sentimita 60. Ndani ya chumba linagonga ukuta, friji na bati, linarudi na kukutana na lenzake. Kuna mahali yanaongezana nguvu, na sentimita 15 hivi pembeni yake yanauana. Ndiyo maana mtoto akipita mlangoni picha inaganda: mwili wake umebadilisha njia za mawimbi, na antena yako ilikuwa imekaa pembezoni tu mwa mahali pazuri.

Ukimaliza hapo tuambie ubora ni ngapi na dirisha lako linatazama wapi. Ndipo tuongelee kununua.

Shangazi_Kimara

Mwanangu mimi ninayo ya bapa, mwaka wa pili sasa. Maneno ya maili 120 yasahau, hayo ni ya boksi. Ila kwangu inafanya kazi, na ngoja nikwambie nilivyohangaika nayo.

Nilianza kuibandika ukutani nyuma ya TV kama kwenye picha ya boksi. Ubora 30. Nikaihamishia dirisha la sebuleni, vioo vyake ni vile vyeusi vinavyong'aa kwa nje kama miwani ya polisi. Ikashuka 22! Nikadhani imekufa. Kijana wangu akafungua kioo, akaiacha inaning'inia kwenye nafasi iliyo wazi, ikapanda 61. Kumbe kile kioo kina utando wa madini, kinarudisha mawimbi kama kinavyorudisha jua. Sasa iko dirisha la chumba cha wageni ambalo ni kioo cha kawaida, nimeibana kwenye fimbo ya pazia kwa vibanio vya nguo.

Jambo la pili lilinichukua wiki nzima kuligundua. Kila nikiwasha taa ya jikoni saa moja jioni, chaneli moja inakwama. Nikizima, inarudi. Ilikuwa taa ya LED ya bei ya chini niliyonunua barabarani, inatoa kelele zake hewani. Nimebadilisha taa, tatizo limekwisha. Kwa hiyo ukiona jioni ni mbaya kuliko mchana, zima kitu kimoja kimoja: taa, chaja ya simu, ile redio ya mtoto.

Mzee_wa_Chenga

Nawasoma tu nacheka. Kabla ya Desemba 31, 2012 hapa Dar walipozima analojia, yale matangazo ya kabla ya ving'amuzi, sisi tulikuwa na antena ya pembe na mfuniko wa sufuria umening'inizwa juu yake kwa kamba. Chenga zikizidi unamtuma mtoto nje ageuze bomba huku unapiga kelele dirishani, "hapo hapo, rudi kidogo, umepitiliza!" Ukitazama mechi unajua kuna mpira lakini huujui uko wapi.

Lakini chenga zilikuwa na utu. Zilikuonya mapema. Siku hizi picha ni safi kama kioo, halafu ghafla vigae, halafu "hakuna mawimbi". Mpangaji, jaribu mfuniko.

fundi_wa_mtaa

Mzee, unatania, lakini kwa hicho kijifimbo chake cha sumaku hujakosea. Nitarudi kueleza, niko juu ya bati la mtu.

JiweKubwa_Mwanza

Wakuu msimdanganye mwenzetu kwamba antena ya ndani inafaa kila mahali. Mimi naishi upande wa nyuma wa kilima, na wanaoijua Mwanza wanajua mawe yetu. Nimejaribu ya pembe, ya bapa, na ya nje yenye vijiti kama mifupa ya samaki juu ya bomba la mita 4. Ya nje ilishika kwa kubahatisha, za ndani sifuri kabisa. Mlima ukishakaa kati yako na mnara, hakuna antena ya elfu 35 ya kuutoboa. Mwaka 2018 baadhi ya chaneli za bure zilipotolewa kwenye ving'amuzi vya dishi ndipo nilipohangaika sana na antena, nikashindwa, nikarudi kwenye dishi. Dishi linatazama mbinguni, jiwe halilihusu.

Hata bila mlima kuna mwisho wake. Mnara wa mita 200 unaona upeo wa kama kilomita 60 hivi, baada ya hapo dunia yenyewe imejikunja. Mwenye kukaa mbali hivyo asihangaike na antena ya ndani, aende na ya nje au dishi moja kwa moja. Mbagala ni ndani ya jiji, kwa hiyo ana bahati kuliko mimi.

Mie_Mkunazini

Assalaam aleikum jamani. Mie niko Mji Mkongwe, Unguja. Kuta za nyumba zetu ni za mawe na chokaa, unene wake mtu anakaa dirishani kama yuko barazani. Ndani antena ya aina yoyote haioni kitu. Nilipata nafuu nilipoiweka kwenye kina cha dirisha lenyewe, nje ya chumba lakini ndani ya ukuta. Haipigwi na mvua na mwenye nyumba haioni kutoka chini. Nimetumia ya kujitengenezea, ya waya, wala sikulipa elfu 8.

Mpangaji_Rangi3

Nimerudi. Nimefanya kama fundi alivyosema, mama watoto ananishangaa natembea na fimbo kama mpiga ramli.

Juu ya TV: nguvu 74, ubora 31.
Juu ya kabati: nguvu 80, ubora 28.
Karibu na dari: nguvu 35, ubora 0.
Dirishani, dirisha la mbele, nimeibandika sumaku kwenye nondo: nguvu 66, ubora 48, lakini inacheza, mara 48 mara 30.
Dirisha la nyuma, linalotazama ghorofa: 0 na 0.

Mie_Mkunazini, hiyo ya waya umetengenezaje? Na fundi, tunasubiri habari za mfuniko.

Mie_Mkunazini

Nyepesi. Chukua waya wa antena, ule mnene. Chuna ganda la nje sentimita 13 au 14 toka mwisho. Utakuta wavu wa shaba au alumini. Usiukate. Uvute taratibu uurudishe nyuma juu ya ganda, kama unavyokunja mkono wa shati. Ule waya wa kati na plastiki yake nyeupe uuache umenyooka, nao uwe na urefu ule ule. Basi, umeshapata antena: nusu moja ni waya wa kati, nusu nyengine ni ule wavu uliorudi. Jumla inakaribia nusu ya wimbi. Mwisho wa pili tia jeki, chomeka kwenye king'amuzi.

Tahadhari moja: nyuzi za wavu zisiguse waya wa kati pale kwenye mkunjo. Yangu iligusa uzi mmoja, nikakaa siku mbili nailaumu TV.

fundi_wa_mtaa

Maelezo ya Mie_Mkunazini ni sahihi na ni ya bure. Naongeza tu kwamba waya uwe RG6 au 5C, usichukue ule mwembamba wa 3C. Kwa mita moja tofauti huioni, lakini ukianza kuvuta mita 10 kutoka dirishani mpaka sebuleni, RG6 inapoteza chini ya desibeli 2 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi) na ule mwembamba karibu maradufu. Desibeli 3 zikipotea, nusu ya nguvu imeondoka. Kigawanyo cha kupeleka kwenye TV mbili nacho kinakula nusu nyingine. Hapo ndipo booster inapostahili pesa yake, na iwekwe upande wa antena, si nyuma ya TV.

Sasa namba za Mpangaji. Karibu na dari sifuri, sishangai, bati liko juu yake na pembeni. Kuna watu wananiita niwafichie antena ndani ya dari chini ya bati, nawaambia hilo ni kaburi. Dirisha la nyuma ghorofa limeziba. Dirisha la mbele ndilo lako.

Kuhusu mfuniko. Kijifimbo cha sumaku ni nusu tu ya antena. Nusu yake ya pili inatakiwa iwe chuma kilicho chini yake, kama paa la gari linavyokuwa chini ya antena ya teksi. Ndiyo maana kimewekewa sumaku. Juu ya meza ya mbao kinatumia waya wake wenyewe kama nusu ya pili, kwa hiyo ukiugusa waya au ukiusogeza, kila kitu kinabadilika. Kwenye nondo kimepata chuma, lakini chembamba mno. Kipe chuma kipana, upana wa sentimita 30 hivi unatosha. Mfuniko wa sufuria zetu nyingi ni alumini, sumaku haishiki, ingawa kukiweka tu juu yake kunasaidia. Kopo kubwa la rangi linashika. Sinia la bati linashika.

Kingine: toka nje, tazama antena za majirani zilizo juu ya mabati. Zile mpya, si zile zenye kutu zilizosahauliwa tangu enzi za Mzee wa Chenga. Zitakuwa zimetazama upande mmoja kama watu wa safu moja msikitini. Ile ncha yenye vijiti vifupi ndiyo inayotazama mnara. Ukiona vijiti vyao vimelala, laza cha kwako ulinganishe. Vikiwa vimesimama, simamisha. Ndani ya nyumba mawimbi yameshagongagonga kuta, kwa hiyo jaribu vyote viwili, hata cha katikati.

DukaLaKona

Sawa fundi, nimekuelewa. Lakini mteja wangu mmoja hapa Temeke alichukua ya pembe yenye booster na imeshika chaneli zote. Mtasemaje?

fundi_wa_mtaa

Nasema pembe zake ni ndefu kuliko kijifimbo na alizivuta vizuri. Mwambie azime umeme wa antena kwenye menyu, ule wa volti 5 unaolisha booster kupitia waya, aone kama chaneli zitapungua. Nyingine booster ikizimwa inaziba njia kabisa, kwa hiyo jibu halitakuwa safi, lakini ajaribu. Na kwa faida ya wengine: ukinunua ya booster isiyo na adapta, hakikisha king'amuzi chako kinatoa hizo volti 5 na umeziwasha. Nimeshaitwa nyumba tatu kutengeneza antena "mbovu" ambayo haikuwashwa.

Kijana_wa_Tegeta

Samahani kuingilia. TV yangu mpya imeandikwa DVB-T2 nyuma, nasikia maana yake ina king'amuzi cha antena ndani yake. Nikichomeka antena moja kwa moja bila king'amuzi nitapata?

fundi_wa_mtaa

Chaneli ambazo hazijafungwa, ndiyo. Zilizofungwa zinahitaji king'amuzi cha mwenye kuzifunga. Tafuta chaneli uone, haigharimu kitu. Ikileta jina la chaneli na kioo cheusi, imefungwa.

Shangazi_Kimara

Na wewe Mpangaji, bomba lazima litoboe bati? Jirani yangu amefunga antena ya nje kwenye nondo za dirisha kwa upande wa nje, kwa waya wa kufungia nondo, bomba lake halifiki hata mita 2. Bati halijaguswa. Mwenye nyumba wako amekataza bati, hajakataza dirisha. Muulize kwa heshima, mpelekee na soda.

Mzee_wa_Chenga

Au mwembe, kama upo uani. Ila mvua ikinyesha majani yakilowa, utamkumbuka mzee.

Mpangaji_Rangi3

Wakuu, ripoti ya leo.

Nimeanza na ya waya kama ya Mie_Mkunazini, nimeitengeneza na kisu cha jikoni, nyuzi zangu zimekaa ovyo. Dirisha la mbele: ubora 57, haichezi sana. Chaneli zilizopatikana 14.

Halafu nikachukua sinia la mama watoto, lile la bati lenye maua mekundu. Sumaku imeng'ang'ania. Nimeliegemeza kwenye kizingiti cha dirisha la mbele, nyuma ya pazia, kijiti kimeinama kama nyuzi 45 hivi kuelekea barabarani ambako antena za majirani zote zimetazama. Ubora 72. Nimesubiri nusu saa, 72, 71, 72. Nimemwambia mtoto apite mlangoni mara sita, akafurahi akapita kumi na mbili. Haikuganda. Chaneli 19. Kijifimbo kile kile kilichokuja bure na king'amuzi.

Wavu wa mbu haujaleta shida, ni wa nailoni. Mpangaji wa chumba cha pili ana wavu wa chuma, nilienda kumjaribia na kwake ubora uliishia 25.

Elfu 35 zangu ninazo mfukoni. Nimeongea na mwenye nyumba pia, dirisha kwa nje ameruhusu, ila kwa sasa sioni haja.

Tatizo limebaki moja. Jumamosi tuna wageni na sinia ni la pilau. Nimeambiwa bila mzaha kwamba Jumamosi linarudi jikoni, mpira uwepo usiwepo.

Mzee_wa_Chenga

Hahaha! Nilisema mimi.

fundi_wa_mtaa

Nenda kwa wanaofua mabati, omba kipande chakavu cha bati jepesi, sentimita 30 kwa 30. Kikunjue kiwe bapa, kingo uzizungushie utepe wa umeme zisimkate mtoto. Kabla hujaliondoa sinia, chora kwa chaki kwenye kizingiti lilipokaa na lilivyoinama. Bati jipya likae hapo hapo, si rula moja pembeni.